Bei ya Habari: Je, Wachapishaji wa Magazeti Wanaweza Kuwatoza Wasomaji wa Mtandaoni?

1.0 Utangulizi

Neno gazeti limeingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, lakini chimbuko lake liko Italia. Wanaetimolojia wengi hukubaliana kwamba katika karne ya 16 wakazi wa Venice waliiita karatasi ya habari kwa jina la sarafu ndogo iliyotumika kuilipia, yaani gazeta. Kwa maneno mengine, jina la chombo hiki ni bei yake. Neno bure, kwa upande wake, lina maana mbili katika Kiswahili: lina maana ya kitu kisicholipiwa, na pia lina maana ya kitu kisicho na faida, kama katika semi kazi bure na maneno bure. Maneno haya mawili, gazeti na bure, yamekutana katika mtandao wa intaneti kwa muda wa miaka thelathini hivi, na hadi leo hayajapatana.

Swali linaloulizwa na wachapishaji duniani kote ni kama inawezekana kumtoza msomaji wa mtandaoni ada ya kusoma habari. Swali hili limezoea kuachiwa wanauchumi na wenye vyombo vya habari. Makala haya yanadai kwamba ni swali la wanaisimu pia, hasa wale wanaoshughulikia Kiswahili, kwa kuwa jibu litakalotolewa na wachapishaji wa Afrika Mashariki ndilo litakaloamua Kiswahili kitakuwa lugha ya habari za aina gani. Msimamo unaotetewa hapa ni huu: kutoza kunawezekana, na kumekwisha kuthibitika kwamba kunawezekana; lakini ukuta wa malipo ulioigwa jinsi ulivyo kutoka London na New York hautawafaa wachapishaji wa Kiswahili, na ukitumiwa bila uangalifu utaidhuru lugha yenyewe.

2.0 Nani Hasa Aliyelipia Gazeti la Karatasi?

Imezoeleka kusemwa kwamba hapo zamani msomaji alilipia habari, kisha intaneti ikamharibu kwa kumzoesha vya bure. Maelezo haya yana ukweli nusu tu. Mnamo mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha gazeti la The Sun jijini New York, akaliuza kwa senti 1 wakati ambapo magazeti makubwa ya mji huo yaliuzwa kwa senti 6. Senti hiyo moja haikuweza kulipia karatasi, wino, wapiga chapa na waandishi. Pengo lilizibwa na wafanyabiashara waliotaka matangazo yao yaonekane. Tangu hapo mchapishaji wa gazeti akawa na maduka mawili: katika duka la kwanza aliuza habari kwa msomaji, mara nyingi kwa hasara, katika duka la pili aliuza macho ya msomaji huyohuyo kwa mwenye bidhaa, na faida yake ilitoka huko.

Kilichobomolewa na intaneti ni duka la pili. Mwaka 1995 Craigslist ilianza mjini San Francisco, na matangazo madogo ya nyumba, kazi na magari yakaanza kuyahama magazeti. Baadaye Google na Facebook zikachukua sehemu kubwa ya matangazo yaliyobaki. Kwa mujibu wa makadirio ya Pew Research Center, mapato ya matangazo ya magazeti ya Marekani yalikuwa zaidi ya dola bilioni 49 mwaka 2005. Kufikia mwaka 2020 yalikuwa chini ya dola bilioni 10, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, pesa zilizotoka kwa wasomaji zilizidi pesa zilizotoka kwa watangazaji.

Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, maana linabadili sura ya mjadala. Msomaji wa leo anayeombwa alipe haombwi arudie desturi aliyoiacha. Anaombwa abebe mzigo ambao kwa karibu karne mbili ulibebwa na mtu mwingine. Si ajabu basi kwamba anasita.

3.0 Majaribio na Matokeo Yake

Historia ya kutoza mtandaoni imejaa majaribio yaliyoanguka. Jarida la Slate, lililomilikiwa na Microsoft, lilianza kuwatoza wasomaji mwezi Machi 1998 kwa dola 19.95 kwa mwaka. Kabla ya mwaka kutimia lilikuwa limeachana na mpango huo. The New York Times ilianzisha mwaka 2005 mpango ulioitwa TimesSelect, uliowafungia wasiolipa makala za waandishi wake wa maoni. Ingawa watu zaidi ya laki mbili walikuwa wakilipa, mpango ulifutwa mwaka 2007 kwa sababu ilionekana matangazo yangeleta zaidi iwapo milango ingeachwa wazi. Newsday, gazeti la Long Island, lilijenga ukuta mwaka 2009, na baada ya miezi mitatu hivi ilifahamika kwamba waliokubali kulipa dola 5 kwa wiki walikuwa 35. Haki itendeke kwa kuongeza kwamba wateja wa televisheni ya kebo wa kampuni hiyo, pamoja na wale walioletewa gazeti nyumbani, waliruhusiwa kusoma bila ada nyingine. Hata hivyo idadi hiyo ilibaki kuwa kielelezo cha aibu. The Sun ya Uingereza ilijenga ukuta mwaka 2013 na kuubomoa mwaka 2015. Toronto Star ya Kanada ilifanya vivyo hivyo katika miaka hiyohiyo.

Kwa upande wa pili wako waliofaulu. The Wall Street Journal imewatoza wasomaji wake wa mtandaoni tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990 bila kurudi nyuma. Financial Times ilianzisha mwaka 2007 utaratibu wa kumruhusu msomaji asome makala chache kabla ya kumdai ada. The Times ya London ilifunga milango yake mwezi Julai 2010 kwa pauni 1 kwa siku au pauni 2 kwa wiki, na wengi waliitabiria kifo, haikufa. The New York Times, baada ya kushindwa mara ya kwanza, ilijaribu tena mwezi Machi 2011 kwa kumruhusu kila msomaji makala 20 kwa mwezi, kisha mwaka 2012 ikazipunguza kuwa 10. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa na wateja wanaolipa zaidi ya milioni 10, na walio wengi mno kati yao walikuwa wa mtandaoni.

Kwa hiyo anayedai kwamba habari za mtandaoni haziuziki amekwisha kukanushwa na ushahidi. Lakini anayedai kwamba kilichowezekana New York kitawezekana kila mahali naye ana kazi kubwa ya kuthibitisha dai lake. Ripoti ya mwaka 2024 ya taasisi ya Reuters iliyoko Oxford ilionyesha kwamba katika nchi 20 tajiri zilizochunguzwa, waliokuwa wamelipia habari za mtandaoni katika mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 17 tu. Hiyo ni idadi ya nchi tajiri.

4.0 Kinachonunuliwa Hasa

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli, ila haitoshi. The Sun ya Uingereza haikushindwa kwa sababu ilikuwa haipendwi; ilipendwa na mamilioni. Ilishindwa kwa sababu habari ilizotoa, yaani michezo, vituko na maisha ya watu mashuhuri, zilipatikana katika tovuti nyingine mia moja bila malipo. Kwa hiyo sharti la kwanza la kutoza ni upekee. Msomaji wa Financial Times hununua taarifa ambayo akiikosa atapata hasara katika biashara yake, na aghalabu anayeilipia si yeye bali mwajiri wake.

Sharti la pili ni mazoea. The New York Times haikutegemea habari peke yake. Iliongeza mapishi, michezo ya maneno na, mwaka 2022, tovuti ya habari za michezo iliyonunuliwa kwa dola milioni 550. Wengi wa wateja wake hufungua programu yake kila siku kwa ajili ya chemshabongo, na habari huzikuta njiani.

Sharti la tatu, na pengine lililo zito kuliko yote, ni imani ya msomaji kwamba pesa yake inalinda kitu. Mediapart ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 2008 na wanahabari walioamua tangu siku ya kwanza kwamba hawatapokea matangazo na kwamba kila msomaji atalipa. Wakati huo uamuzi huo ulichekwa. Lakini gazeti hilo lilifichua kashfa za wakubwa, na kufikia mwaka 2020 lilikuwa na wateja zaidi ya laki mbili. The Guardian ya Uingereza ilichukua njia tofauti: haikufunga milango, bali iliwaomba wasomaji wachangie kwa hiari, na mwaka 2018 ilitangaza kwamba zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameitikia katika muda wa miaka mitatu. Daily Maverick ya Afrika Kusini ilifuata mwaka huohuo wa 2018 kwa mpango wa uanachama ambao haumzuii asiye na pesa kusoma. Mifano hii inaonyesha kwamba msomaji anaweza kulipa hata kama hajalazimishwa, maadamu anaamini kwamba asipolipa kazi ile haitafanyika.

Iko njia nyingine iliyopendekezwa mara nyingi, nayo ni ya kuuza makala mojamoja kwa bei ndogo sana, kwa kutumaini kwamba haba na haba hujaza kibaba. Blendle ya Uholanzi ilianza kazi hiyo mwaka 2014 ikiungwa mkono kwa fedha na The New York Times pamoja na Axel Springer ya Ujerumani. Ilifika mahali pa kumrudishia msomaji pesa yake akisema makala hayakumridhisha. Mwaka 2019 iliacha kuuza makala mojamoja katika nchi yake ya asili na kugeukia ada ya mwezi. Kibaba hakikujaa. Sababu yake si ugumu wa teknolojia, bali ni uchovu wa kuamua: kumwuliza mtu kila baada ya dakika tano kama kitu hiki kina thamani ya senti kumi ni kumchosha, na mtu aliyechoka hujibu hapana.

5.0 Hoja ya Udogo wa Lugha

Wako wanaodai kwamba kutoza kunafaulu kwa Kiingereza kwa sababu soko lake ni dunia nzima, na kwamba lugha nyingine hazina tumaini. Hoja hii inaonekana yenye nguvu mpaka itakapopimwa kwa Norwe. Nchi hiyo ina watu wapatao milioni tano na nusu tu, na lugha yao haisomwi sana nje ya mipaka yao. Hata hivyo, katika ripoti ya 2024 iliyotajwa hapo juu, Norwe ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 40 ya watu waliolipia habari za mtandaoni, ilhali Uingereza, nyumbani kwa Kiingereza chenyewe, ilikuwa na asilimia 8.

Yapo maelezo ya tofauti hii. Wanorwe walizoea kwa vizazi vingi kuletewa gazeti mlangoni kwa ada ya mwaka. Magazeti yao ya wilaya huandika habari ambazo hakuna mwingine anayeziandika: mkutano wa halmashauri, shule inayofungwa, barabara iliyobomoka. Serikali yao imeyapa magazeti ruzuku tangu mwaka 1969, na mwaka 2016 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika habari za mtandaoni kama ilivyokuwa katika magazeti ya karatasi. Zaidi ya hayo, udogo wa lugha umekuwa ngao. Uingereza ina BBC inayotoa habari nyingi kwa Kiingereza bila ukuta wowote, na nyuma yake dunia nzima inayoandika kwa lugha hiyohiyo. Anayetaka kusoma kwa Kinorwe habari za kijiji chake hana pengine pa kwenda.

Slovakia, yenye idadi ya watu inayokaribiana na ya Norwe lakini isiyo na utajiri wake, inatoa funzo lingine. Mwaka 2011 wachapishaji tisa wa nchi hiyo waliungana kujenga ukuta mmoja: msomaji alilipa yuro 2.90 kwa mwezi mara moja tu, naye akaingia katika tovuti zote. Baadaye ushirika huo ulilegea, lakini ulikuwa umekwisha kuwafundisha wasomaji wa nchi hiyo kulipa. Wanahabari walipojitenga na gazeti la SME kwa sababu ya mabadiliko ya umiliki na kuanzisha Denník N mwaka 2015, walikuta umma uliokuwa tayari kuwalipia.

Inafuata kwamba udogo au ukubwa wa lugha si kikwazo wenyewe. Kinachohitajika kuulizwa juu ya lugha yoyote ni iwapo msomaji wake anaweza kupata habari zilezile, kwa lugha ileile, mahali pengine bila malipo. Kwa upande wa Kiswahili jibu lake halifurahishi.

6.0 Hali ya Afrika Mashariki

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Idhaa hizi na nyinginezo za kigeni zina tovuti zilizopangwa vizuri, zenye Kiswahili kinachosomeka, na hazimdai msomaji hata senti. Mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kumtoza msomaji wa Kiswahili anashindana, kwa hiyo, na bidhaa iliyokwisha kulipiwa na walipa kodi wa Ulaya. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwezi Machi 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha kazi za Sauti ya Amerika, wafanyakazi wake wengi mno walipelekwa likizo kwa siku moja, na idhaa zake za lugha za kigeni, ya Kiswahili ikiwa mojawapo, zikanyamaza. Hakuna msikilizaji wa Mbeya wala wa Kisumu aliyeulizwa. Habari zilizokuwa bure kwao hazikuwa zao.

Kikwazo cha pili ni mazoea ya usomaji. Katika miji ya Tanzania ni jambo la kawaida asubuhi kuwaona watu wamesimama mbele ya meza ya muuza magazeti wakisoma kurasa za mbele, kisha wakaondoka bila kununua. Redio na televisheni husoma magazeti ya siku kwa wasikilizaji wake. Mwaka 2017 Waziri wa Habari wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliviagiza vituo viishie kwenye vichwa vya habari, kwa hoja kwamba kusoma habari nzima kunawaua wachapishaji. Nakala moja inayonunuliwa hupita katika mikono mingi: ofisini, kwa kinyozi, kijiweni. Mazoea haya yamehamia mtandaoni bila kubadilika, na leo gazeti zima hupigwa picha au kunakiliwa na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp kabla hata muuzaji hajafungua meza yake. Si sahihi kuyaita mazoea haya wizi tu na kuishia hapo. Gazeti la Kiswahili limekuwa tangu mwanzo chombo cha kusomwa kwa pamoja, na mpango wowote wa malipo unaomchukulia msomaji kuwa ni mtu mmoja aliyejifungia chumbani na simu yake unakosea tangu mwanzo.

Kikwazo cha tatu mara nyingi husahauliwa. Msomaji wa Tanzania au Kenya anayefungua tovuti ya gazeti hasomi bure. Amekwisha kununua kifurushi cha data, na kila ukurasa unakula sehemu ya kifurushi hicho. Kwa hesabu yake amekwisha kulipa. Ila pesa zake zimekwenda kwenye kampuni ya simu, na mwandishi wa habari hakupata chochote. Kumdai tena mlangoni ni kumdai mara mbili.

Hata hivyo haifai kusema kwamba wasomaji hawa hawana uwezo. Watu walewale hulipia ving'amuzi ili watazame mpira na hulipia michezo ya kubahatisha kila wiki. Tena Afrika Mashariki ina kitu ambacho Slate na Newsday hazikuwa nacho: njia nyepesi ya kulipa pesa kidogo. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, miaka minne kabla ya ukuta wa New York, na leo mtu asiye na akaunti ya benki anaweza kumlipa mchapishaji kwa simu yake. Ilikuwa jambo la kutarajiwa basi kwamba Nation Media Group, baada ya kuzindua tovuti yake ya Nation.Africa mwezi Agosti 2020, ianze kuwatoza wasomaji mwezi Februari 2021.

Lakini wepesi huu nao una adui. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu mwezi Julai 2021, manung'uniko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mnamo Septemba tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Ada inayoonekana ndogo kwa anayetuma laki moja huwa nzito kwa anayelipia gazeti la wiki moja. Kabla ya hapo, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuwa zimemtaka mwenye blogu alipe jumla ya shilingi milioni 2.1 za maombi, leseni na ada ya mwaka, kabla hajapata msomaji hata mmoja wa kumlipa. Serikali inayotaka habari za kuaminika zilizoandikwa na wananchi wake haiwezi wakati huohuo kuutoza mlango, njia na mgeni.

7.0 Hatari kwa Kiswahili

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama. Magazeti yenye uwezo wa kujenga ukuta katika Afrika Mashariki ni yale yanayosomwa na wenye kipato, na kwa sehemu kubwa hayo ni magazeti ya Kiingereza. Mantiki ya biashara ni nyepesi: habari za uchunguzi, uchambuzi wa bajeti na ripoti za mahakama zitaandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa huko ndiko kuna wa kulipa, Kiswahili kitaachiwa michezo, udaku na vichwa vya habari vya kuvutia mibofyo, kwa kuwa huko mapato ni matangazo ya kubahatisha. Hakuna atakayetoa amri kwamba iwe hivyo. Itakuwa hivyo kwa sababu kila mhariri, akiwa na waandishi wachache, atampeleka aliye bora penye pesa.

Matokeo yake hayatakuwa ya kiuchumi tu. Kiswahili cha kisasa kimejengwa kwa kiasi kikubwa katika kurasa za magazeti. Maneno kama ubinafsishaji, uwekezaji na utandawazi yalifika kwa umma katika miaka ya 1990 kupitia magazeti na redio, wala si kupitia kamusi. Kamusi ziliyapokea yakiwa yamekwisha kuzoeleka. Mwandishi anayelazimika kueleza kwa Kiswahili jinsi deni la taifa linavyokua hulazimika kutafuta istilahi, kuzijaribu, na kuzirudia mpaka zikae. Lugha isiyotumiwa kueleza mambo magumu hupoteza uwezo wa kuyaeleza. Na raia asiyejua Kiingereza, akikosa maelezo hayo kwa lugha yake, hupoteza kitu kikubwa kuliko msamiati: hupoteza uwezo wa kuwahoji wanaomtawala.

Utafiti nao utaathirika. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo imetumiwa na watafiti wengi, imejengwa kwa sehemu kubwa kwa matini za magazeti. Matini za Kiswahili zikifungwa zote bila mpango, au zikipotea kwa sababu magazeti yamekufa, wanaisimu wa kesho hawatakuwa na cha kuchunguza. Liko pia suala la mashine zinazojifunza lugha kwa kusoma matini za mtandaoni na kisha kumjibu msomaji bila kumpeleka kwa mchapishaji. The New York Times iliwashtaki OpenAI na Microsoft mwezi Desemba 2023 kwa sababu hiyo. Wachapishaji wa Kiswahili hawana mawakili wa kiwango hicho, lakini matini zao zinasomwa na mashine hizohizo.

8.0 Njia Inayopendekezwa

Ukuta mmoja mrefu haufai, na kuacha kila kitu wazi hakufai. Kinachofaa ni kutofautisha. Habari zinazohusu uhai na haki ya raia, kama vile maradhi, uchaguzi, mafuriko na maamuzi ya serikali, ziachwe wazi kwa wote; magazeti mengi ya kulipia yalifanya hivyo mwaka 2020 wakati wa Uviko-19, na hayakufilisika kwa sababu hiyo. Uchambuzi wa kina, huduma za wakulima na wafanyabiashara, mazoezi ya wanafunzi na hazina ya magazeti ya zamani vinaweza kulipiwa.

Pili, wachapishaji wa Kiswahili waungane kama walivyoungana wale wa Slovakia. Msomaji aliyezoea kuona magazeti yote juu ya meza moja hatakubali kulipia kila moja peke yake. Anaweza kukubali ada moja ya wiki, inayolipwa kwa simu au kukatwa pamoja na kifurushi cha data, ikamfungulia yote. Kampuni za simu, ambazo zimefaidi kwa muda mrefu kiu ya habari iliyozimwa na wengine, zishirikishwe katika mpango huo kwa makubaliano ya kugawana mapato.

Tatu, kwa kuwa gazeti la Kiswahili husomwa kwa pamoja, liuzwe kwa pamoja. Shule, maktaba, vyama vya ushirika, misikiti na makanisa vinaweza kulipia ada ya kikundi. Vyuo vikuu vina wajibu wa kwanza katika jambo hili. Ni aibu kwa idara zinazofundisha Kiswahili kulipia majarida ya kigeni kwa maelfu ya dola huku zikisubiri nakala za magazeti ya Kiswahili zitumwe na rafiki katika simu. Malipo hayo yaambatane na sharti kwamba matini za zamani zihifadhiwe na zifunguliwe kwa watafiti.

Nne, serikali zifuate mfano wa Norwe kwa kuondoa kodi na tozo katika malipo ya habari, na ziache kumlipisha mchapishaji kwa kosa la kuwapo mtandaoni.

9.0 Hitimisho

Wachapishaji wanaweza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni. Wamefanya hivyo New York, London, Paris na Oslo, kila mmoja kwa njia iliyolingana na mazoea ya watu wake, na walioanguka walianguka kwa kuuza kilichopatikana kwingine au kwa kumfungia mlango mtu ambaye bado hajaona sababu ya kuingia. Kwa Kiswahili ushindi hautapimwa kwa idadi ya wanaolipa peke yake. Utapimwa kwa kuangalia ni habari gani zinazopatikana kwa lugha hiyo baada ya malipo kuanza, na nani anayeweza kuzifikia. Ikiwa baada ya miaka kumi mwananchi wa Tandale au wa Likoni atakuwa na vichwa vya habari vingi kuliko leo na maelezo machache kuliko leo, wachapishaji watakuwa wamepata pesa, na Kiswahili kitakuwa kimeuzwa kwa bei ya chini kuliko ile sarafu ya Venice.